Uliza Muzee Masoni: Sima nyingi, na nguzo bado zinalala

Mvua za Septemba zimerudi, na barua za mwezi huu zimejaa nguzo: za uzio, za lango, za kamba ya nguo. Naanza na ya Katindo, hapa hapa Goma, kwa kuwa ndani yake mna maswali ya wengi. Kama barua yako haikutoka, soma hiyo. Huenda jibu lako limo.

*Jambo Muzee. Mwaka juzi nilizungushia parseli yangu nguzo za mkaratusi na mbao. Masoni aliniambia nisihurumie sima (saruji), kwa hiyo kila nguzo ilipata betoni chini, pembeni na juu. Juzi upepo umelaza nguzo tatu. Zote zimekatika sawasawa na ardhi. Betoni yenyewe ni nzima kabisa. Je, aliniuzia sima mbovu? Na hizi tatu nizifanyeje?* (Mama wa Katindo)

Mama, sima usiilaumu. Umeandika mwenyewe kwamba betoni ni nzima. Kilichokufa ni mti, na umefia mahali ambapo nguzo ya mti hufia siku zote: kwenye usawa wa ardhi, sentimita chache juu na chache chini. Kuvu wanaoozesha mbao wanataka unyevu na hewa kwa pamoja. Chini kabisa shimoni unyevu upo, hewa ni kidogo. Juu hewa ipo tele, lakini jua likitoka mti unakauka. Hapo katikati wanapata vyote viwili mwaka mzima.

Tena masoni wako alijenga kikombe. Mkaratusi uliokatwa karibuni husinyaa ukikauka, lakini betoni haisinyai pamoja nao. Ukabaki ufa mwembamba kuzunguka mti, ambao huwezi hata kupitisha ukucha, ila maji ya mvua hayahitaji zaidi ya hapo. Yakateremka, yakafika chini, yakakuta betoni imeziba, yakakaa. Kadiri ulivyoongeza sima ndivyo kikombe kilivyoziba vizuri zaidi.

Nguzo mpya ifanye hivi. Toa gome, anika mti kivulini mahali penye upepo mpaka nyufa zake za kwanza zitokee, maana afadhali usinyae nyumbani kuliko shimoni. Chimba shimo lenye upana mara tatu ya unene wa nguzo: mti wa sentimita 10, shimo la sentimita 30. Kina kiwe karibu theluthi ya urefu utakaobaki juu, na kisipungue sentimita 60. Chini mwaga kokoto sentimita 10 hadi 15, uzishindilie, halafu simamisha mti juu ya kokoto. Betoni isipite chini ya kitako cha mti. Inazunguka pembeni tu, na maji yoyote yatakayopenya yapate pa kutokea. Juu, betoni ipande sentimita 3 au 5 kupita udongo na iteremke kwenda nje pande zote. Wengi huiacha bapa, au mbaya zaidi wanaizika kisha udongo unaiegemea nguzo. Ikishakauka, pitisha lami ya moto mahali mti unapokutana na betoni, na urudie kila kiangazi, kwa sababu ufa utajifungua tena.

Utasikia watu wakisema chimba mita nzima, kitabu kimesema. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa kwa nchi ambako maji ya ardhini huganda wakati wa baridi, yakavimba na kuisukuma nguzo juu, kwa hiyo wanalazimika kuchimba hadi chini ya kina cha barafu. Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku tunavaa sweta, lakini ardhi yetu haigandi. Usilipie barafu ya watu wengine.

Sasa zile tatu. Usivunje betoni. Chokoa mti uliooza wote utoke, osha tundu, kisha mwambie mchomeleaji akutengenezee vyuma viwili bapa kwa kila nguzo. Visimamishe ndani ya tundu, ujaze betoni. Nguzo mpya ikae katikati ya vile vyuma, ifungwe kwa bulonzi (bolti) mbili, na kitako chake kielee sentimita 5 juu ya betoni. Mti usiogusa ardhi hauna haraka ya kuoza, na ukichoka utafungua bulonzi tu. Kama ningekuwa naanza uzio wako upya, nguzo zote ningezifunga hivyo. Pesa ya mchomeleaji inauma mara moja.

Ukienda kununua mti, tazama kichwa chake kilipokatwa. Sehemu ya rangi nzito katikati ndiyo inayovumilia. Ule ukingo mweupe wa nje huoza haraka hata kwa mti mzuri. Mti mchanga wa mkaratusi ni mweupe karibu wote. Na grevilea, pamoja na uzuri wake wa kukua haraka, usiizike ardhini.

*Muzee, mimi niko Buhene, juu ya lava ya volkeno ya Nyiragongo ya 2021. Vijana wangu wamepiga mtaimbo kutwa nzima wakapata shimo la kiganja. Wanataka niwaongeze pesa. Nguzo za lango zinahitaji kina gani kwenye mawe?* (Papa wa Buhene)

Wasimamishe hao vijana kabla hawajamaliza pesa yako. Kina ni dawa ya udongo. Udongo unakubali kusukumwa, ndiyo maana nguzo inahitaji mguu mrefu ndani yake. Jiwe halikubali. Penye jiwe kazi yako ni kushikana nalo.

Ila kwanza uhakikishe ni jiwe kweli. Lava huganda kuanzia juu, na mara nyingine ile ya chini huendelea kutiririka ikaacha uwazi chini ya ganda. Piga nyundo nzito mahali unapotaka nguzo, na mita moja kila upande. Ikilia kwa sauti kali na nyundo ikarudi mkononi, hapo ni pazima. Ikitoa mdundo wa ngoma, vunja hilo ganda ufike chini. Waliojenga juu ya lava ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, wanaijua hadithi hii: ukuta mzuri, kisha upande mmoja unazama.

Penye uzima, tafuta mwenye mashine ya kutoboa. Kwa kila nguzo ya lango toboa matundu manne yenye upana wa milimita 16 hadi 20 na kina cha sentimita 20 au 25. Halafu inakuja kazi ambayo vijana hawaipendi: kutoa vumbi. Puliza kwa pampu ya baiskeli, sugua kwa brashi, puliza tena, mwaga maji, toa maji. Vumbi likibaki, sima itashika vumbi badala ya jiwe na chuma kitatoka kwa mkono. Jaza uji mzito wa sima tupu, ingiza chuma cha betoni cha milimita 12 huku unakizungusha mpaka uji ufurike, kisha usikiguse hadi kesho yake. Vyuma vinne vikishashika, vifunge kwa pete za waya, sugua jiwe lote la chini lisibaki na majivu, lilowanishe, na umwage kiguu cha betoni cha sentimita 30 kwa 30, kimo cha 40 au zaidi. Nguzo ya chuma ichomelewe kwenye vyuma hivyo kabla hujamwaga.

Kwa nguzo ndogo za uzio huhitaji yote hayo. Chuma kimoja ndani ya jiwe, bomba livikwe juu yake, ujaze betoni ndani ya bomba. Na kumbuka kufunga mdomo wa bomba kule juu. Bomba lililo wazi linajaa mvua na linakula kutu kutoka ndani, ambako rangi haifiki.

Lakini Papa, kwa nini mzunguko wote uwe nguzo? Umekaa juu ya mawe ambayo wengine wanayanunua. Ukuta wa mawe ya lava yaliyopangwa kwa mikono, kimo cha mita moja, ndio uzio wa mji huu. Nguzo ziweke langoni tu.

*Changarawe nyekundu za volkeno, zile nyepesi, zinafaa kwa betoni? Jirani yangu anacheka.* (Kijana wa Ndosho)

Zinafaa kwa nguzo za uzio. Kwa lango zito tafuta kokoto ngumu iliyovunjwa kwenye lava nzito. Ila hizo nyepesi zina kiu: matundu yake hunywa maji ya mchanganyiko, sima inabaki bila maji ya kugandia, na betoni inamenyeka. Zilowanishe jana yake mpaka zishibe, ziache zichuruzike, ndipo uchanganye.

Kuhusu kucheka, mwambie jirani kwamba Waroma wa kale walichukua majivu ya volkeno ya Pozzuoli, karibu na Napoli kule Italia, wakayachanganya na chokaa, wakajenga bandari ambazo mabaki yake bado yamo baharini. Hii haimaanishi upunguze sima na kuongeza majivu kwa kukisia. Wao walikuwa na majivu laini na ujuzi wa vizazi. Wewe una koleo.

*Nina nguzo 24. Masoni anataka mifuko 12 ya sima. Ni haki?* (Dada wa Mabanga)

Dada, tupige hesabu pamoja. Shimo la mviringo la upana wa sentimita 30, kina 60, ukitoa kokoto za chini na unene wa mti wenyewe, linataka betoni lita 31 hivi. Mfuko wa kilo 50, ukichanganywa ndoo moja ya sima, mbili za mchanga na nne za kokoto, hutoa lita 150 na kidogo. Mfuko mmoja, nguzo tano. Nguzo 24, mifuko mitano. Ongeza mmoja kwa ajili ya mashimo yaliyopanuka na mikono iliyomwaga. Mashimo yakiwa ya mraba wa 30 kwa 30, hesabu nguzo tatu au nne kwa mfuko; hata hivyo hufiki 12. Muulize mifuko mingine itapanda chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kwenda wapi.

Maji: lita 25 kwa mfuko mzima, yaani bidoni moja ya njano na robo. Mchanga ukiwa umenyeshewa, punguza. Hapo ndipo betoni nyingi za mji huu huharibikia, maana uji mwepesi ni rahisi kuukoroga na kuumwaga, na anayekoroga hatakuwepo itakapopasuka. Betoni nzuri ukiibana mkononi inashikana na haichuruziki. Imwage kwa tabaka, uichomechome kwa chuma ili hewa itoke.

Halafu pima nivo pande mbili zinazopishana, funga mbao mbili za kuegemeza, na mtu asiiguse nguzo kwa siku mbili. Funika kwa gunia bichi walau wiki. Betoni hukomaa kwa kushikana na maji. Ikikaushwa na jua mapema inabaki dhaifu. Uzio mwepesi unaweza kupigilia baada ya wiki hiyo.

*Tunachimba mashimo ya nguzo Keshero, bondeni karibu na ziwa. Asubuhi mchimbaji aliinama kutoa udongo akapata kizunguzungu na kichwa kuuma. Wanasema ni njaa.* (Msomaji wa Keshero)

Simamisha kazi leo. Upande wa magharibi wa mji, kuanzia huko kwenu kwenda Bulengo hadi Sake, kuna mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini na kutuama mahali pa chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi. Inakusanyika zaidi usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, na shimo jipya ni mahali pazuri pa kulala. Mtu anayepiga magoti na kuingiza kichwa shimoni anakutana nayo ana kwa ana. Imeua watu na mifugo katika eneo hilo.

Tafuta dalili: wadudu au ndege waliokufa, majani yaliyonyauka kwenye kibonde cha ardhi. Watu huteremsha mshumaa. Ukizimika, kimbia, lakini ukiwaka usijisifu, kwa maana hewa inaweza kumdhuru mtu kabla haijaushinda moto. Fanya kazi jua likiwa limepanda na upepo unapuliza, toa udongo kwa koleo la mpini mrefu ukiwa umesimama, na asichimbe mtu peke yake. Mwenzako akianguka ndani ya bonde au shimo, usimrukie. Mvute kwa kamba kutoka juu. Na nguzo zenyewe, zisogeze hadi kwenye ukingo wa juu kama mpaka unaruhusu.

*Huku Kadutu, Bukavu, parseli yetu iko mteremkoni na udongo ni mfinyanzi mtupu. Nguzo zote zinainamia chini ya mlima.* (Papa wa Kadutu)

Kina chako kipimie upande wa chini wa mteremko, usipimie wa juu. Shimo linaloonekana la sentimita 60 ukisimama juu linaweza kuwa la 40 upande ambao nguzo inaegemea, na huo ndio upande unaofanya kazi. Huko chimba 80 au 90. Kitako cha shimo kiwe kipana kuliko mdomo. Koleo lenyewe hupenda kufanya kinyume, kwa hiyo panua chini kwa sululu fupi. Betoni yenye mdomo mpana na kitako chembamba, udongo ukilowa na kuvimba, hushikwa mabega ikanyanyuliwa.

Jambo moja nililomwambia mama wa Katindo kwako libadilishe. Kokoto chini ya nguzo kwenye mfinyanzi hugeuka kisima, kwa sababu maji hayana pa kwenda. Kutoka chini ya shimo toboa mfereji mwembamba utokee mteremkoni, uujaze mawe. Ukishindwa, weka chuma badala ya mti. Na juu ya uzio chimba mtaro wa kukinga maji ya mvua yasipite kwenye nguzo. Ikiwa mteremko mzima unasogea, utaona nyufa ndefu zinazokata parseli nzima. Hapo shida yako si nguzo, na usinunue hata mfuko mmoja kabla hujaita mtu wa kutazama mlima.

*Muzee, huku Ruashi, Lubumbashi, kuna vitu viwili: mchwa, na udongo mwekundu uliokauka hauchimbiki. Rafiki ananiambia nimwage sima kavu na mchanga shimoni, mvua itamalizia. Pia tupake mti mafuta machafu ya injini.* (Msomaji wa Ruashi)

Udongo wa kiangazi unywesheni jioni: chimba kiganja, jaza maji, acha usiku kucha, kesho endelea. Au ngojea mvua za kwanza za Novemba.

Sima kavu usimwage. Maji yatalowesha ngozi ya juu, itakuwa ngumu, utafurahi, na ndani utabaki unga. Ulaya wanauza mifuko iliyotengenezwa makusudi kwa kumwagwa hivyo, na hata huko ni kwa nguzo nyepesi. Sima yako ya kawaida inataka kukorogwa.

Mafuta ya injini yanaingia kwenye ngozi tu ya mti, halafu yanachuruzika kwenye udongo na bustani yako. Mchwa hawaogopi betoni pia: wanapita kwenye ule ufa kati ya mti na betoni, gizani, wala huwaoni. Ninyi mnaoishi kati ya vichuguu vikubwa kuliko nyumba, na mnaofyatua matofali kwa udongo wake, mnajua hamtawamaliza. Walazimishe wapite mwangani. Mti ukikaa juu ya vyuma, sentimita 10 kutoka betoni, mchwa watalazimika kujenga njia yao ya udongo juu ya chuma mahali unapoiona. Pita kila wiki na panga, ikwangue.

*Lango letu la chuma lina mbawa mbili. Nguzo zimesimama vizuri, lakini mbawa zinakutana katikati na kuburuta chini. Fundi anasema tukate chuma.* (Mama wa Himbi)

Mkikata leo, baada ya mvua mbili mtakata tena. Timazi itawaonyesha kwamba nguzo zimeinama kidogo kuelekea ndani ya uwazi, kila moja ikivutwa na bawa lake. Chimba mtaro kati ya nguzo mbili, upana sentimita 25, kina 30, weka vyuma vinne vya milimita 12 vilivyofungwa pete, viingie ndani ya betoni ya kila nguzo, kisha umwage. Ule mhimili wa chini ya njia utazizuia nguzo zisikaribiane miguuni, na magari yatapita juu yake. Kabla ya kumwaga, shusha mbawa zote mbili, nyoosha nguzo kwa kamba na mbao, na usizirudishe mbawa kabla ya siku 14. Kwa lango zito kama lenu ngojea zote 28. Kwa muda huo fungeni njia kwa mabati.